Usomaji Ulioganda

Kidani kilikuwa sahihi. Subilaga Mwakibete alilijua hilo kabla hajaketi, kwa kuwa saini iliyoruhusu vidani hivyo vitumike mkoa mzima wa Mbeya ilikuwa yake. Miaka mitano iliyopita alivifungua kimoja baada ya kingine katika karakana ya uhakiki, akavipima kwa mapigo ya moyo yanayojulikana, kwa jasho linalojulikana, kwa kelele inayojulikana, kisha akaandika kwamba havikosei zaidi ya sehemu mbili katika mia. Kwa hiyo Afisa Komba alipokigeuza kioo cha mezani kumwelekea, hakuitilia shaka namba aliyoiona.

Thelathini na moja.

“Mstari wa kupewa msaidizi ni arobaini na tano,” Komba alisema.

“Najua mstari uko wapi.”

“Kama mhakiki mwenyewe anakuja kulalamikia mizani, sisi wanunuzi wa nyanya tuseme nini?” Alikuwa mtu mwembamba, mwenyeji wa Songea, ambaye hakuwahi kuizoea baridi ya Mbeya, alivaa sweta mbili, na ya ndani ilichungulia shingoni. Hakuwa akimkejeli. Ndivyo alivyozoea kuwapoza wazazi, na wengi wao walihitaji kupozwa.

“Sikuja kulalamikia mizani, Bwana Komba. Nimekuja kuuliza nini kiliwekwa juu yake.”

“Mtoto. Tusajigwe Lugano, miaka minane na miezi kumi. Siku tano za shule, kidani shingoni tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho.” Akapitisha kidole juu ya mchoro. “Mapigo ya wastani. Sauti ya kawaida. Amepanda mara mbili tu, na mara zote ameshuka ndani ya dakika nne. Mama Tusa, mimi nikivishwa hiki hapa kazini nitapata zaidi ya thelathini na moja.”

“Ana usonji.”

“Hilo halina ubishi, liko ukurasa wa kwanza. Lakini sheria haitoi msaidizi kwa jina la hali. Inatoa kwa uhitaji uliopimwa.”

Sheria hiyo Subilaga aliiunga mkono, na bado aliiunga mkono. Zamani msaidizi wa darasani alipatikana kwa barua ya daktari, na barua ya daktari ilipatikana kwa kujuana. Watoto wa wakubwa walikaa na wasaidizi wasiowahitaji, huku watoto kama Tusa wakifungiwa stoo pamoja na mafagio siku ya mkaguzi. Kidani kilikomesha hayo. Hakikujua mtoto ni wa nani. Kilisoma ngozi, pumzi, sauti na mwendo, kikatoa namba moja kati ya sifuri na mia, na namba hiyo haikuwa na mjomba wizarani.

“Kabla ya kengele ya kwanza mimi hufanya kazi ya saa mbili na nusu,” Subilaga alisema. “Namweleza siku yake yote, jambo moja baada ya jingine. Namwingiza darasani kabla ya wenzake. Namziba masikio ikikaribia kengele. Namuuliza mwalimu leo ukuta wa masomo utabadilika saa ngapi, namwambia mtoto. Hizo saa mbili na nusu ziko ukurasa wa ngapi?”

Komba alilitazama faili kana kwamba huenda akauona. “Ukurasa huo hatuna.”

“Basi hamkumpima mtoto. Mmempima mtoto pamoja na mimi.”

“Inawezekana. Ila fomu ina jina moja.” Akavuta droo, akatoa karatasi ya kijani. “Una haki ya kupimwa tena, mara moja tu. Wiki ijayo, Jumatatu hadi Ijumaa. Hiki ni kiapo cha mazoea, nalazimika kukusomea. Mzazi hatabadilisha mazoea ya mtoto katika siku za kipimo, kwa kuongeza wala kupunguza. Atakayebainika kubadilisha, faili la mtoto litafungwa miaka mitatu.”

Hesabu ilikuwa fupi. Muhula ujao Tusa angeingia darasa la tatu: jengo jipya, watoto tisini, kila somo na chumba chake, na mzazi haruhusiwi kuvuka geti. Mtoto mwenye usonji asiyepata msaidizi kabla ya kutimiza miaka tisa huhamishiwa orodha ya nyumbani, yaani kioo ukutani na sauti inayofundisha. Subilaga aliwahi kuzitafuta takwimu. Katika miaka minne, hakuna mtoto hata mmoja aliyetoka kwenye orodha hiyo akarudi darasani.

Na Tusa alipata maneno yake darasani. Sentensi yake ya kwanza kamili aliitoa akiwa na miaka sita, mkono juu, mbele ya wenzake sabini: “Nina swali.” Nyumbani kwenye kioo hakungekuwa na wa kuulizwa.

Akatia saini.

*

Lugano, mumewe, alikuwa fundi wa nyavu za ukungu, zile zinazotandazwa mabegani mwa mlima Loleza kukinga maji ya mji. Jumapili alasiri alikaa uani akisugua vipande vya wavu kwa brashi. Ndani, kupitia dirishani, Tusa alionekana akipanga viazi sakafuni kuanzia kikubwa hadi kidogo.

“Rudia tena,” Lugano alisema. “Taratibu, maana mimi si msomi wa mizani.”

“Wiki nzima sitampangia siku. Sitamwingiza mapema. Sitamziba masikio. Nitamfikisha getini kama watoto wengine.”

“Unamnyang’anya mtoto mkongojo ili waone anavyochechemea.”

“Nataka wampime bila mkongojo.”

“Umebadilisha maneno tu.”

“Sivyo. Ukipima gunia huku umeliinua kwa mkono mmoja, mizani haitadanganya. Itasema uzito uliobaki. Muhula ujao huu mkono hautaruhusiwa getini, baba Tusa. Wanapaswa kuujua uzito wote sasa.”

Lugano aligeuza kipande cha wavu, akasugua upande wa pili. “Na kile kiapo ulichosaini?”

“Nitakuwa nimekivunja.”

“Wewe?” Akacheka kidogo, bila furaha. “Wewe uliyemrudishia muuza mkaa debe lake kwa sababu ya vidole viwili?”

“Lilikuwa pungufu kwa vidole vitatu.”

“Tazama, mwanamke huyu.” Akaweka brashi chini. “Haya. Kesho asubuhi atakaa mezani, atataka vizibo vyake. Utamwambia nini?”

Vizibo vilikuwa kumi na vinne, vya chupa za soda, kila kimoja na rangi yake. Chekundu kilikuwa paredi. Cha njano kilikuwa hisabati, cha kijani uji, cheusi safari ya chooni, na kuendelea hadi cheupe ambacho kilikuwa mama getini. Kila asubuhi Subilaga alivipanga mezani kwa mfuatano wa siku, Tusa akavisoma mara tatu, akavitia mfuko wa kushoto. Jambo likiisha, kizibo kilihamia mfuko wa kulia. Ukuta wa darasa ulipojibadilisha ghafla, namba zikayeyuka na wimbo kuanza, Tusa aliingiza mkono mfukoni akakuta wimbo ulikuwa unasubiriwa.

“Nitamwambia hakuna,” Subilaga alisema.

“Akiuliza kwa nini?”

“Nitasema sijui.”

“Hujawahi kumdanganya mtoto yule.”

“Ndiyo.”

“Mimi nitaondoka alfajiri kwenda juu kwenye nyavu,” Lugano alisema akiinuka. “Nitalala kambini hadi Jumatano. Si kwamba nakukataza. Nakuambia tu kwamba sitaweza kukaa nikaangalia.”

*

“Mama, vizibo.”

“Leo hakuna.”

“Viko kwenye kopo la Blubendi.”

“Vimo, lakini leo hatuvitumii.”

Tusa alilitazama kopo, kisha kalenda. “Leo ni Jumatatu.”

“Ndiyo.”

“Jumatatu ina vizibo.”

“Leo haina, mwanangu.”

“Kwa nini?”

“Sijui.”

Tusa alikaa na jibu hilo kama mtu aliyepewa kitu kisichoshikika. Mama yake alikuwa anajua kila siku ina nini. Akala vijiko vitatu vya uji, akavaa mkoba, wakatembea hadi getini miongoni mwa watoto wengine mia sita. Kidani kilimetameta shingoni mwake, kidogo kuliko ukucha, taa yake ya kijani ikiwaka kila sekunde kumi.

Saa nane mchana Mwalimu Zawena alimsubiri Subilaga nje ya ofisi ya walimu, mikono kifuani. Alikuwa na mkwaruzo kwenye shavu.

“Kuna jambo nyumbani, mama Tusa? Msiba? Baba yake mzima?”

“Mzima. Niambie kilichotokea, mwalimu. Kwa mfuatano.”

“Unaniuliza kama polisi.” Zawena akashusha pumzi. “Saa tatu ukuta ulihama kutoka hisabati kwenda wimbo. Akaingia chini ya dawati. Alilia dakika arobaini. Nilipomfuata alinipiga, hakukusudia. Amejiuma mkono. Huo wa kushoto.”

Saa tisa namba iliingia kwenye simu: hamsini na nane. Subilaga aligundua kwamba aliona kwanza imevuka mstari, ndipo akaona alama za meno. Aliliweka hilo akilini bila kulipamba, kama ambavyo angeweka kosa la chombo. Akaosha jeraha kwa maji ya chumvi.

Jumanne ilikuwa sitini na sita. Tusa hakuingia darasani kabisa. Alishika nguzo ya geti kwa mikono miwili, na watu wazima wawili walihitajika kumbandua. Nyumbani alimfuata mama yake jikoni, akasimama nyuma yake.

“Mama, nimekosa nini?”

“Hujakosa kitu.”

“Vizibo vimechukuliwa kwa sababu nimekosa. Sema nimekosa nini, nitaacha.”

Subilaga aliendelea kumenya ndizi. Zilikuwa sita. Alizimenya zote, na alipomaliza hakukumbuka alikusudia kupika nini.

*

Jumatano Tusa hakuuliza vizibo. Alikaa alipokalishwa. Alivaa alichovishwa. Getini alipita na wengine bila kushika nguzo, na bega lake liligongwa mara tatu asigeuke.

“Leo ndiyo nimemwona mwanafunzi,” Mwalimu Zawena alisema mchana, akitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. “Ametulia kama maji ya mtungi. Kengele imelia kichwani pake hata hakushtuka. Nadhani amezoea, mama Tusa. Watoto wana nguvu kuliko tunavyodhani.”

Namba ilikuwa kumi na mbili.

Nyumbani Tusa aliketi kwenye kochi na mkoba mgongoni, macho kwenye ukuta mtupu. Subilaga alimwita mara nne. Lori la maji liliunguruma mlangoni. Kope za mtoto hazikutikisika. Sketi ilikuwa imelowa, na halikuwa jambo la muda mfupi, kwa kuwa ilikuwa imeanza kukauka pembeni. Subilaga alipiga magoti, akashika kifundo cha mkono ule usio na jeraha, akatazama saa ya ukutani akahesabu. Mapigo hamsini na manne. Vidole baridi. Pumzi fupi, sawasawa, kama ya mtu aliyejificha.

Aliujua mchoro wa namna hiyo. Alishawahi kuuona.

Katika majaribio ya miaka mitano iliyopita walivalishwa vidani watoto mia tatu na arobaini. Kumi na tisa kati yao walitoa mstari ulionyooka: moyo ukaenda chini, mwendo ukasimama, sauti ikawa sifuri. Watengenezaji walidhani kidani kimeachana na ngozi. Subilaga alikagua, akakuta mgusano ni mzuri kabisa. Kikao kikauliza: basi usomaji ulioganda uhesabiwe kuwa nini? Hakuna aliyekwenda kuwaona wale kumi na tisa, haikuwa desturi. Mhakiki hukagua chombo, hamkagui anayepimwa. Ni yeye aliyeandika sentensi ile, na ilipita bila mjadala: Usomaji ulioganda wenye mgusano mzuri uhesabiwe kuwa utulivu.

Kidani hakikuwa na kosa. Kilikuwa kinatii.

Alimbadilisha mtoto nguo, akamlaza, akamfunika blanketi mbili. Kisha akaketi mezani na kalamu, kwa sababu hakujua kukaa mezani bila kalamu. Hamsini na nane, sitini na sita, kumi na mbili: mia na thelathini na sita. Ili wastani wa siku tano ufike arobaini na tano ilitakiwa mia mbili ishirini na tano. Zilibaki themanini na tisa kwa siku mbili. Arobaini na nne na nusu kila siku. Tusa akiganda tena, wamekosa. Tusa akilia, wamepata.

Lugano aliingia jua likiwa bado halijazama, viatu vimejaa tope la mlimani. Alimtazama mtoto kwanza, muda mrefu. Kisha akaja mezani akasoma karatasi kwa sauti ya chini.

“Alhamisi, vizibo saba. Ijumaa, vizibo vitano.” Akainua macho. “Hiki ni nini?”

“Nusu. Bila chochote anaganda. Akipewa vyote anatulia. Akipewa nusu atapata nguvu ya kulia.”

Sentensi ilibaki pale mezani kati yao. Subilaga aliisikia kama alivyozoea kusikia ripoti ya mtu mwingine, akitafuta mahali ilipokosewa, na hakupaona. Hesabu ilikuwa sawa. Kila hatua ilifuata nyingine.

“Mbuzi wa kuchinjwa naye hupewa maji kwanza,” Lugano alisema. “Na anayempa haonekani mbaya.”

“Nipe njia nyingine.”

“Sina. Ningekuwa nayo nisingekaa kambini siku tatu kama mwoga.” Akavuta kiti, akaketi. “Lakini nieleze hii kumi na mbili. Mtoto yuko vile, kwa nini imeshuka?”

Akamweleza. Alimweleza wale kumi na tisa, na kikao, na sentensi aliyoandika. Alipomaliza, Lugano aliuliza swali moja tu.

“Na tangu hapo wamepimwa watoto wangapi?”

*

“Mia mbili na kumi na wawili,” Komba alisema. Ilikuwa Alhamisi, saa nne kasoro asubuhi. “Usomaji ulioganda, mkoa huu, mwaka huu. Wote tumewaandika hawahitaji.” Akavua miwani. “Una hakika?”

Tusa alikaa kwenye kiti cha pembeni, amejikunja, taa ya kidani ikiwaka na kuzima. Asubuhi hiyo Subilaga alimpangia kila alichokijua: kutembea, ofisi ya Bwana Komba, karatasi, kutembea, shule. Mtoto alivisoma vizibo kwa kidole mara sita badala ya tatu, na alipomaliza alimtazama mama yake usoni kwanza, kama mtu anayehakiki chenji.

“Jana mapigo yake yalikuwa hamsini na manne na alikuwa amejikojolea,” Subilaga alisema. “Kidani kimeandika kumi na mbili. Nimekuja kujaza fomu ya hitilafu.”

Fomu ilikuwa na kurasa mbili. Komba aliigeuza, akaweka kidole kwenye kisanduku cha tatu, na hapo akasita.

“Hapa wanauliza mtoto alikuwa katika hali gani, na ilisababishwa na nini. Kisanduku hiki kikibaki kitupu, fomu inarudishwa. Watasema kidani kiliteleza, mtoto alikuwa na homa, lolote.”

“Najua. Maandalizi nilimwondolea mimi, nimekuja kuliandika hilo.”

“Subiri kwanza.” Alishusha sauti. “Dada yangu. Ukiandika kilichosababisha, umeandika kwamba umevunja kiapo. Nitafunga faili hili leo. Miaka mitatu. Atatimiza tisa likiwa kabatini. Na una siku mbili mkononi, jumla yako si mbaya. Mimi hapa sijasikia kitu. Nenda naye shule. Ijumaa ipite, upate msaidizi wako, kisha ndiyo ulete fomu.”

“Nikiileta wiki ijayo, mtaifuta barua ya msaidizi wiki ijayo.”

“Basi usiilete.”

“Na hao mia mbili na kumi na wawili?”

“Si wako.”

“Sentensi inayowahesabu ni yangu,” Subilaga alisema. “Na ili nimpate msaidizi ni lazima huyu alie leo na kesho. Nimeshapiga hesabu ya namna ya kumliza. Iko nyumbani, mezani. Ni hesabu nzuri.” Sauti yake haikupanda. “Naomba kalamu.”

Komba alimpa. Aliandika kwa mwandiko wa karakana, herufi zisizoshikana: Mimi, mama yake mzazi, kuanzia Jumatatu nilimwondolea mtoto maandalizi yote aliyozoea, kwa makusudi, ili uhitaji wake uonekane. Siku mbili alilia na kujiumiza. Siku ya tatu aliganda. Kuganda si utulivu. Akaweka jina, tarehe na cheo.

Afisa alisoma mara mbili. Akachukua muhuri, akaugonga juu ya faili la Tusajigwe Lugano, na neno LIMEFUNGWA likakaa upande kidogo. Kisha akainuka, kwa sababu utaratibu ulitaka hivyo, akazunguka meza, akakifungua kidani shingoni mwa mtoto na kukiweka juu ya meza.

Taa ya kijani ilizimika.

“Ni siku tano,” Tusa alisema.

Watu wazima wote wawili waligeuka. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu Jumanne.

“Ni siku tano. Mama alisema siku tano. Imebaki leo na Ijumaa.” Mkono ulikuwa umeingia mfuko wa kushoto, ukitafuta. “Hiki hakimo. Cha kuvuliwa hakimo. Hakimo, hakimo—”

Subilaga alikuwa amefikiria kila kitu cha asubuhi ile isipokuwa mikono ya Komba. Kilio kilianza chini, kikapanda hadi watu wa kwenye foleni nje wakanyamaza. Tusa aliteleza kutoka kitini hadi sakafuni, kichwa kikagonga mguu wa meza, kikagonga tena.

“Niite nesi?” Komba aliuliza. Alikuwa amekishika kidani bila kujijua, akikielekeza kwa mtoto, kikiwa kimezima.

“Zima taa ya juu. Zima na hicho kioo. Usiongee, usimguse.”

Alivua koti akaliweka kati ya kichwa na mguu wa meza. Akalala sakafuni ubavu, umbali wa mkono mmoja, uso wake usawa wa uso wa mtoto lakini macho pembeni. Akaanza kusema, kwa sauti moja, isiyobembeleza: “Kidani kimevuliwa. Mama hakukuambia. Ni kosa la mama. Sasa tuko sakafuni. Baada ya sakafu ni maji. Baada ya maji ni mlango. Baada ya mlango ni njia.” Akanyamaza, akahesabu pumzi kumi. Akarudia yote tangu mwanzo, neno kwa neno. Akahesabu kumi. Akarudia.

Mara ya tatu Tusa alimpiga mdomoni kwa kiwiko. Subilaga alilamba damu akaendelea na “baada ya maji ni mlango.” Mara ya tisa kilio kilikatika vipande. Mara ya kumi na tatu mtoto alisema pamoja naye neno “njia,” akiwa nyuma kidogo. Komba alikuwa amesimama ukutani muda wote, mikono ndani ya mikono ya sweta.

Tusa alipokunywa maji na kukaa chini ya meza akiliviringisha koti, Komba alirudi kitini polepole.

“Hii ndiyo huwa kila siku?”

“Hapana. Kila siku tunaifanya mapema, kwa hiyo haitokei.” Alifuta mdomo kwa kiganja. “Ndiyo zile saa mbili na nusu.”

Komba alilitazama faili lenye muhuri. Halikufunguka, hakukuwa na utaratibu wa kulifungua. Akaivuta fomu ya hitilafu, akaenda hadi mwisho wa ukurasa wa pili, penye nafasi ya shahidi asiye ndugu wa mtoto, aliyeona kwa macho. Nafasi hiyo kwa kawaida ilibaki tupu, na fomu zenye nafasi tupu kwa kawaida zilirudishwa. Akaandika jina lake lote na namba yake ya kazi. Kisha kalamu ikasimama.

“Sijawahi kujaza hapa,” alisema. “Niandike kwa maneno gani?”

“Usianze na maneno. Anza na saa.”

Alitazama saa ya ukutani, akahesabu kurudi nyuma kwa vidole, akaandika: Saa nne na dakika sita hadi saa nne na dakika thelathini na nne. Kidani kilikuwa mezani, kimezima. Mtoto alikuwa sakafuni. Niliona.